UCHAMBUZI: Kuchimba Bitcoin nyumbani, nani hulipa umeme?

Nchini Tanzania, kaya yenye matumizi madogo ya umeme, yaani yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hutozwa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Ni bei ya nafuu, iliyowekwa ili mwenye kipato kidogo naye awashe taa, achaji simu na asikilize redio. Mashine moja ya kuchimba sarafu ya kidijitali ya Bitcoin hula takriban uniti 78 kwa siku. Kile ambacho familia hupangiwa kwa mwezi mzima, mashine hiyo hukimaliza kabla ya siku moja kutimia.

Habari za mashine hizo zinazidi kuwafikia vijana wa ukanda wetu kupitia simu. Wapo wanaoshawishiwa kununua moja na kuiweka chumbani, na wapo wanaoambiwa wakodi sehemu ya mashine iliyoko ng'ambo, kisha wangoje faida. Hapa Burundi, Benki ya Jamhuri ilipiga marufuku biashara ya sarafu hizo mwezi Septemba 2019, ikieleza kuwa raia hawana kinga pindi fedha zao zikipotea. Hata hivyo, matangazo ya mtandaoni hayapigi hodi mpakani, na yanayotendeka kwa majirani hutufikia siku hiyo hiyo. Kwa hiyo inafaa kuuliza maswali mawili. Je, kuna faida ya kweli katika shughuli hii? Na pale inapopatikana, hutoka mfukoni mwa nani?

Mashine inachimba nini?

Neno "kuchimba" ni la kufananisha tu. Bitcoin, iliyoanza kufanya kazi Januari 2009, haina benki kuu inayotunza daftari la malipo. Daftari hilo hutunzwa na kompyuta zilizotawanyika duniani, na takriban kila baada ya dakika kumi ukurasa mpya huongezwa. Ili kupata haki ya kuongeza ukurasa, mashine hushindana kukisia namba inayotimiza sharti lililowekwa. Hakuna akili inayohitajika. Ni kujaribu na kujaribu tena, matrilioni ya mara kwa sekunde. Anayepatia hupewa sarafu mpya.

Zawadi hiyo hupunguzwa kwa nusu takriban kila miaka minne. Ilianza na sarafu 50 kwa ukurasa. Tangu Aprili 2024 ni sarafu 3.125. Na kila baada ya wiki mbili hivi, mfumo wenyewe hupima nguvu ya washindani wote na kurekebisha ugumu wa sharti. Mashine zikiongezeka duniani, zawadi haiongezeki. Ni sinia lile lile la wali, na mikono inazidi kuongezeka.

Hapo ndipo wengi hukosea. Mnunuzi hudhani ananunua mti wa matunda. Kwa hakika amenunua tiketi ya kuingia katika mashindano ya dunia nzima, na mshindi wa mashindano hayo, mwisho wa yote, ni yule anayelipa umeme kwa bei ndogo kuliko wenzake.

Hesabu ya siku moja

Tuchukue mashine ya daraja la Antminer S19, iliyotoka mwaka 2020 na ambayo sasa huuzwa kama mtumba. Hufanya majaribio yapatayo trilioni 100 kwa sekunde na huvuta wati 3,250. Nguvu ya mtandao mzima wa Bitcoin ilifikia, mwaka 2025, kiwango kinacholingana na mashine milioni 10 za namna hiyo. Sarafu mpya zinazotolewa kwa siku moja duniani kote ni takriban 450. Zigawe kwa milioni 10: mwenye mashine moja anapata sehemu ya sarafu isiyofika hata moja kwa elfu ishirini.

Bei ya Bitcoin hupanda na kushuka, lakini tuifikirie kuwa dola 100,000, kiwango ilichokivuka kwa mara ya kwanza Desemba 2024. Pato la siku ni dola 4 na senti 50. Kwa kukadiria dola kuwa shilingi 2,500 za Tanzania, hizo ni shilingi 11,250.

Sasa umeme. Mteja wa Tanzania aliyevuka kiwango cha matumizi madogo hulipa karibu shilingi 350 kwa uniti, pamoja na kodi. Uniti 78 ni shilingi 27,300. Kila jua linapotua, mwenye mashine amepoteza shilingi 16,000. Kwa mwezi ni zaidi ya 480,000. Na bado hatujahesabu bei ya mashine, ushuru, usafirishaji wala ada ya kundi la wachimbaji ambalo ni lazima ajiunge nalo ili apate mgawo wa kila siku.

Je, mashine mpya zaidi ingemwokoa? Antminer S21 hufanya kazi maradufu kwa wati 3,500. Pato lake lingekuwa shilingi 22,500 kwa siku, na umeme wake shilingi 29,400. Hasara imepungua, lakini ni hasara. Kinyume chake, zile za zamani zaidi, kama S9 ya mwaka 2016, hazilipi hata zikipewa umeme wa senti mbili za dola kwa uniti. Ndiyo maana bei yake ni rahisi mno sokoni. Anayeziuza hakupenda kumgawia jirani riziki. Kwake zimekwisha kuwa vyuma.

Joto, kelele na nyaya

Hata kama hesabu ingekubali, nyumba isingekubali. Umeme wote unaoingia katika mashine hiyo hugeuka kuwa joto, sawa na pasi tatu zilizowashwa usiku na mchana ndani ya chumba kimoja. Feni zake hunguruma kwa desibeli 75 hivi, kelele inayozuia mazungumzo ya kawaida. Soketi ya kawaida ya pini tatu inayotumika Tanzania, Kenya na Uganda imeundwa kwa ampea 13, ilhali mashine huvuta zaidi ya ampea 14 bila kupumzika. Waya mwembamba uliovutwa kutoka chumba cha jirani, jambo la kawaida katika nyumba za kupanga, haukukusudiwa kubeba mzigo huo. Waya hupata moto taratibu, na moto wa namna hiyo huanza dari likiwa limefunga na watu wamelala.

Virunga: mto usio na mteja

Pamoja na hayo, kuna jirani yetu mmoja ambako uchimbaji ulileta fedha. Katika Hifadhi ya Taifa ya Virunga, mkoa wa Kivu Kaskazini nchini Kongo, makontena yaliyojaa mashine yaliwekwa mwaka 2020 karibu na kituo cha umeme wa maji cha Luviro. Hifadhi ilikuwa imepoteza mapato ya watalii kwa sababu ya ukosefu wa usalama, kisha Ebola, kisha Uviko-19. Kituo kilikuwa kinazalisha umeme, lakini nyaya za kuufikisha vijijini zilikuwa bado hazijaenea. Hoja ya mkurugenzi wa hifadhi, Emmanuel de Merode, ilikuwa kwamba umeme usiotumika hupotea, na ni afadhali uuzwe kwa mashine kuliko kuacha maji yapite bure, huku askari wa wanyamapori wakikosa mishahara.

Mradi huo ulipata wakosoaji, waliouliza iwapo eneo lenye njaa na vita linapaswa kuelekeza nishati yake kwenye sarafu ya mtandaoni. Swali hilo ni halali. Lakini kwa mchimbaji wa nyumbani, somo la Luviro ni jingine. Mto ule ulikuwa na umeme ambao kwa wakati huo haukuwa na mnunuzi. Kampuni ya Gridless, iliyoanzia Kenya, nayo hufuata njia hiyo hiyo: huweka mashine kwenye vituo vidogo vya umeme vijijini, zikila ziada ambayo wanakijiji hawajaihitaji. Mpangaji wa chumba kimoja Bujumbura au Kigoma hana ziada. Anachonunua kwa kadi ya malipo ya kabla ni umeme ule ule unaogombewa na mashine ya kusaga, kinyozi na zahanati.

Bei ya nafuu ni ya nani?

Yapo mahali ambapo uchimbaji wa nyumbani umelipa, na inafaa kutazama ni kwa nini. Nchini Kuwait, ambako wapo pia wafanyakazi kutoka Afrika Mashariki, serikali hubeba sehemu kubwa ya gharama ya umeme wa raia. Uchimbaji ulikwisha kukatazwa huko mwaka 2023, lakini nyumba ziliendelea kugeuzwa viwanda. Mwaka 2025, nchi ilipokumbwa na upungufu wa umeme, maofisa walifanya msako katika eneo la Al-Wafrah. Wizara ilieleza kuwa baadhi ya nyumba zilikuwa zikitumia umeme hadi mara 20 ya kiwango cha kawaida, na kwamba baada ya msako matumizi ya eneo hilo yalishuka kwa asilimia 55.

Iran nayo, yenye umeme wa bei ndogo, ilisimamisha uchimbaji wote kwa miezi kadhaa mwaka 2021 baada ya miji yake kukumbwa na giza. Kosovo ilichukua hatua kama hiyo Januari 2022. Hadithi ni moja: faida ya mwenye mashine ilikuwa tofauti kati ya bei aliyolipa na gharama halisi ya umeme, na tofauti hiyo ililipwa na hazina ya umma, na ikalipwa tena na jirani aliyekaa gizani. Anayepitisha waya kando ya mita mtaani kwetu hufanya jambo hilo hilo kwa njia fupi zaidi. Transfoma ikiungua, haiungui ya nyumba yake peke yake.

Kukodi mashine usiyoiona

Kwa kuwa kununua ni ghali, wengi huelekezwa kwenye kukodi. Unatuma fedha kwa simu, unaambiwa umepata sehemu ya mtambo ulioko nchi ya mbali, na kila asubuhi namba fulani huongezeka kwenye kioo. Zipo kampuni halali za aina hii, lakini hazimwondolei mteja hesabu tuliyoiona, humwongezea ada.

Zipo pia zisizo na mtambo wowote. Desemba 2019, waendesha mashtaka wa Marekani huko New Jersey waliwashtaki waendeshaji wa mpango ulioitwa BitClub Network. Kwa mujibu wa mashtaka, tangu mwaka 2014 watu waliuziwa hisa katika mitambo iliyodaiwa kuchimba Bitcoin, wakalipwa kwa kuleta wengine, na thamani ya fedha zilizokusanywa ilifikia dola milioni 722. Mtaalamu wa programu aliyeshiriki kuuanzisha alikiri makosa mwaka 2020. Januari 2024, mamlaka za Marekani zilifungua kesi nyingine dhidi ya mpango wa HyperFund, zikisema mitambo mikubwa ya uchimbaji iliyotangazwa haikuwapo.

Msomaji anaweza kuitambua dalili bila kuwa mtaalamu. Pato la uchimbaji wa kweli haliwezi kutulia, kwa kuwa bei ya sarafu hubadilika kila saa na ugumu wa mashindano hubadilika kila wiki mbili. Anayeahidi asilimia ile ile kila siku, jua au mvua, hachimbi. Analipa wa jana kwa fedha za wa leo.

Sheria za majirani

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki hazijafuata njia moja. Rwanda, katika rasimu ya sheria iliyotolewa Machi 2025, ilipendekeza leseni kwa watoa huduma za sarafu hizo, lakini ikapendekeza pia kukataza uchimbaji wenyewe. Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza mwaka 2019 kuwa sarafu hizo si fedha halali nchini humo. Hata hivyo, Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwa malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya ilipata sheria yake ya watoa huduma hizo Oktoba 2025. Kwa Mrundi, tofauti hizi zina maana moja ya kawaida: kilicho halali Nairobi hakimlindi aliyeweka fedha zake akiwa Bujumbura, na fedha zikipotea hana dirisha la kupeleka malalamiko.

Tunaweza kulipima jambo hili kwa kipimo cha nyumbani. Kituo cha Rusumo, kwenye mto Kagera, huzalisha megawati 80 zinazogawanywa sawa kati ya Burundi, Rwanda na Tanzania. Fungu la kila nchi ni megawati 26 na ushei. Mashine 8,200 za aina tuliyoieleza zingelimaliza fungu letu lote, na katika mashindano yale ya dunia zisingefikia hata moja kwa elfu. Wakati huo huo, sehemu kubwa ya wananchi wa vijijini wangali wakingoja waya wa kwanza ufike. Kijana anayeuliza kama anunue mashine anastahili kujibiwa kwa heshima, kwa kuwa anatafuta kazi katika nchi ambayo kazi ni adimu. Jibu lenyewe limo katika risiti yake ya umeme: aisome kwanza, kabla ya kutuma fedha popote.