Mafundi Wetu wa Umeme Wapate Leseni



Tangu ilipopitishwa Sheria ya Nishati Vijijini ya mwaka 2005, nguzo za umeme zimekuwa zikiingia katika vijiji vya Tanzania ambavyo wazee wetu hawakudhania kuwa vitaagana na koroboi. Umeme huo ni neema tunayopaswa kuishukuru, lakini imekuja na dhamana ambayo wengi wetu tumeghafilika nayo, yaani kujua ni mikono ya nani inayotandaza nyaya ndani ya kuta tunamolala.

Ila ya kazi ya umeme husitirika. Paa likivuja utalijua masika ya kwanza. Bali waya mwembamba uliobebeshwa jiko na pasi, au waya wa ardhini usiofungwa katika nondo yake, hupigwa lipu na kupakwa rangi, nyumba ikang'aa, hata siku ile volti 230 zipite katika bati la friji na kumkuta mtoto aliyetoka kuoga. Kwa kuwa jicho la mwenye nyumba haliwezi kuhukumu hayo, ipo Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa huduma za nishati na maji, hutoa leseni kwa mafundi kwa madaraja, kila daraja na mpaka wa kazi yake.

Sisemi kwamba fundi wa mtaani asiye na leseni ni mjinga. Hasha! Wengi wao wamefunzwa na mabingwa, miaka kwa miaka, juu ya ngazi na chini ya dari, na walichokosa ni ushahidi wa ujuzi wao tu. VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi, inao utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa namna hiyo: fundi hupimwa kwa kazi anayoijua, hukamilishwa palipopungua, kisha hupewa cheti, naye akawa ameshika njia ya kuiendea leseni. Kinachomzuia aghalabu ni ada, na siku za kibarua atakazozikosa, na haya ya mtu mzima kuketi mbele ya mtahini.

Mambo hayo matatu tunaweza kuyaondoa sisi. Vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, vinavyokopesha kwa harusi na biashara, vimkopeshe fundi ada yake na ujira wa siku atakazozikosa. Mafundi wa kata moja waende kupimwa kwa pamoja, ili haya iwatoke. Zaidi ya hayo, mkutano mkuu wa kijiji uagize orodha ya mafundi wenye leseni ibandikwe ofisini.

Nanyi mlio na leseni, nawasihi kwa taadhima: msigonge muhuri juu ya kazi msiyoiona kwa macho, kwani huko ni kuuza amana ya watu; badala yake, wachukueni hao wasio na leseni wawe wanagenzi wenu.

Na wewe unayejenga mwaka huu, kabla lipu haijapigwa, iombe leseni ya fundi wako, usome jina na daraja, ndipo umlipe.