Bima Imlipe Daktari, Nani Aulipe Ulimi?

Mswahili aishiye Marekani akitafuta daktari wa magonjwa ya akili wa kumtibu kwa njia ya video, huambiwa aulize mawili: je, daktari huyu anapokea bima yangu? Je, ana leseni ya jimbo ninaloishi? Ni maswali ya lazima, kwani bila hayo gharama humrudia mgonjwa. Mimi naongeza la tatu: nitasema naye kwa lugha gani?

Tabibu wa kifua ana vipimo. Tabibu wa akili hutegemea zaidi maneno ya mgonjwa. Mtu akisema "moyo unaniuma", mkalimani asiyezama katika Kiswahili aweza kumpeleka kwenye maradhi ya moyo, ilhali ametaja jitimai. Simanzi huja na msiba; sonona huweza kukaa hata pasipo msiba.

Sheria ya Marekani ya 2008 inazikataza bima nyingi zinazogharimia maradhi ya akili kuyawekea masharti magumu kuliko ya mwili. Ile ya 2010 inawapa wasiomudu Kiingereza haki ya mkalimani bila malipo katika huduma za afya zinazopokea fedha za serikali kuu. Basi haki hiyo idaiwe, na lugha itajwe: Kiswahili.

Nasi washairi tusijivunie tu wingi wa maneno ya huzuni. Tuyapambanue, tuyafafanue, tuwakabidhi wakalimani. Neno lisilomfikia tabibu halimsaidii mgonjwa.