Lenzi ya okazioni: muuzaji anayekataa uipime, muachie kitu chake

Kwetu Ngezi, hapa mjini Bunia, kijana mwenye kamera halali njaa mara nyingi. Jumamosi kuna arusi, Jumapili kuna ubatizo, katikati ya juma kuna mahari, kuna sherehe ya diplome, kuna matanga. Wakaaji wa hapa wanapenda picha, na wana sababu. Katika mkoa ambamo jamaa nyingi zimekimbia vijiji vya Djugu na Irumu bila kubeba hata sufuria, picha moja ya mama au ya ndugu aliyefariki inaweza kuwa urithi wote uliobaki. Kazi ya mpiga picha si mchezo.

Ndiyo maana jambo moja linaniuma: vijana wetu wananunua vyombo vya okazioni macho yakiwa yamefumba. Zaidi sana lenzi, ile ambayo wengi wetu tunaiita objektifu.

Lenzi mpya ni bei kali, kwa hiyo tunategemea zilizotumika. Nyingi zinatoka Dubai na Kampala. Zinaingia kwa njia ya Mahagi, ao zinavuka Ziwa Albert hadi Kasenyi, kisha zinapanda barabara za mashimo, ndani ya gari ao juu ya moto. Vioo vilivyo ndani ya lenzi vimepangwa kwa vipimo vidogo kuliko unywele. Kuanguka mara moja kunatosha kukisogeza kioo kimoja, na kwa nje usione hata mkwaruzo. Ongeza vumbi letu jekundu la kiangazi na unyevu wa mvua ndefu, na utaelewa kwa nini kusema tu « iko safi » si ushahidi.

Mimi mwenyewe nililipa kwa kujifunza. Miaka michache iliyopita nilinunua lenzi jioni, giza likiingia, arusi ikiwa kesho yake. Muuzaji alikuwa na haraka, na mimi pia. Nilitazama kioo cha mbele, kiling'aa, nikatoa feza. Kesho yake, katika kila picha ya kundi, upande wa kushoto ulikuwa umefifia kama umepigwa na moshi. Upande huo ndio walisimama wazazi wa bibi arusi. Nani angemwomba pasta arudilie baraka? Niliwarudishia wenye arusi nusu ya malipo. Muuzaji aliniambia tu: « Uliichukua ikiwa nzima. »

Sikatai kwamba alinidanganya. Lakini na mimi nilijidanganya. Mtu wa Bunia akinunua mbuzi, anamfungua kinywa na kumshika mgongo. Akinunua moto ya okazioni, anaiwasha, anasikiliza mashini, anazunguka nayo. Kwa nini lenzi, iliyokula akiba ya miezi mingi, tuinunue kama mbuzi ndani ya gunia?

Hata sheria inatuhimiza kuwa macho. Dekre ya tarehe 30 Julai 1888, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mikataba katika inchi yetu, inamfanya muuzaji ajibu kwa kasoro zilizofichika ndani ya kitu alichouza. Lakini kasoro ambayo mnunuzi angeweza kuiona mwenyewe, hajibu kwa hiyo. Kwa maneno mengine, usipotazama, mzigo ni wako.

Na kutazama hakuombi fundi mkubwa. Nenda mchana, ukiwa na kamera yako mwenyewe, batri iliyojaa, kadi ya memori na simu yenye tochi. Dakika kumi na tano zinatosha.

Anza na swali la kama inaingiana na kamera yako. Lenzi ya Canon ya aina ya EF-S haiingii kwenye kamera za Canon zenye sensa kubwa. Na kamera ndogo za Nikon, kama D3200 ao D5300, hazina mota ndani: ukizifungia lenzi ya zamani ya AF isiyo na mota yake, itabidi uzungushe fokasi kwa mkono. Lenzi kama hiyo si mbovu, lakini haitakusaidia kwenye arusi.

Kisha washa tochi, imulike kutoka nyuma ya lenzi, utazame kutoka mbele, na baadaye ugeuze. Vumbi kidogo ndani si hatari, hata lenzi nzuri inalo. Ogopa nyuzi nyembamba kama utando wa buibui: hiyo ni kuvu, inakula rangi ya kinga iliyopakwa juu ya kioo. Ogopa pia ukungu mweupe unaotandaa. Mkwaruzo kwenye kioo cha nyuma unaharibu picha kuliko mkwaruzo wa mbele. Angalia visi: zikiwa zimekwaruzwa, kuna mtu alishaifungua. Angalia mdomo wa mbele: ukiwa umebonyea, iliwahi kuanguka.

Zungusha pete zote taratibu. Ukisikia mchanga ao kukwama, weka alama kichwani. Fungia lenzi kwenye kamera, uiambie itafute kitu cha karibu, kisha cha mbali, mara kumi. Ikisitasita ao ikipiga kelele ya kusaga, mota imechoka.

Sasa pima diafragma, maana hapo wengi wanakamatwa. Weka kamera kwenye M. Piga picha ya ukuta kwa f/4, kisha f/8, kisha f/16, na kila mara upunguze kasi ili mwangaza ulingane. Picha zote zinapaswa kuwa na mwangaza sawa. Ile ya f/16 ikiwa nyeupe kupita, majani ya diafragma yanakwama. Kamera ya Canon ikiandika « Err 01 » wakati unafunga diafragma, mazungumzo kati ya lenzi na kamera yamekatika. Mara nyingi ni waya mwembamba wa ndani umevunjika. Lenzi kama hiyo inaweza kupiga vizuri ikiwa wazi kabisa, na muuzaji akakuonyesha picha hiyo moja tu.

Mwisho, simama sawasawa mbele ya ukuta wa matofali, fungua diafragma yote, piga, kisha kuza picha na utazame kona nne. Kona zote kufifia kidogo ni kawaida. Kona moja ao upande mmoja kufifia kuliko mwingine, rudilia mara mbili. Hali ikibaki vile vile, kioo kimesogea. Jaribio hilo lingeniokoa mimi.

Najua wauzaji watasema nini: « Mtu anakuja kupima, anaiangusha, ao anakimbia nayo. » Hofu hiyo ni ya haki. Basi mpimaji apime palepale mbele ya duka, na aache kitambulisho chake ao sehemu ya feza mkononi mwa mwenye mali. Muuzaji mwaminifu hapotezi kitu. Anapata wateja wanaorudi. Wengine watasema: « Sisi maskini, tunachukua kinachopatikana. » Mimi naona kinyume. Tajiri akikosea atanunua nyingine. Maskini akikosea, kazi yake imekwisha.

Tena, kupima si lazima kumalizike kwa kukataa. Lenzi yenye autofokasi iliyokufa lakini vioo vizuri inaweza kumfaa anayepiga picha ndogo za karatasi mbele ya pazia. Lakini ailipe kwa bei yake, akijua.

Na ombeni karatasi: jina la muuzaji, tarehe, bei, na numero iliyoandikwa kwenye lenzi. Mkoani kwetu nyumba nyingi zimeporwa, na kitu kilichofutwa numero kinaweza kuwa jasho la mwenzako. Ukikinunua, unamlipa mwizi.

Maoni yangu ni haya: sisi wapiga picha wa Ngezi, na wa Bunia yote, tuweke desturi moja. Hakuna kulipa usiku, hakuna kulipa bila kupima, hakuna kulipa bila karatasi. Tukifanya hivyo sote, hakuna muuzaji atakayemwona anayepima kuwa mtu msumbufu.

Wale wazazi wa bibi arusi sijawasahau. Picha yao ya siku ile ipo, lakini nyuso hazionekani vizuri. Hiyo feza siwezi kuirudisha.