Filamu za Kikoloni Si Mfano wa Kufundishia Afya

Mwandishi mwenzangu anadai kwamba filamu za afya za kikoloni, licha ya ubaguzi wake, zilifundisha. Basi, asema, huku Malawi, katika mtaa wa Kawale na kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, tuige urahisi wake. Sikubali. Urahisi ule ulizaliwa na dharau. William Sellers, aliyeongoza kitengo cha Uingereza cha filamu za makoloni kilichoundwa 1939, alishikilia kwamba Mwafrika hawezi kufuata picha zinazobadilika haraka. Dharau hiyo haielezi maradhi yanayoua: kipindupindu kilichozuka Machi 2022 kiliua zaidi ya watu 1,700 nchini Malawi. Maradhi hayo huenea panapokosekana maji salama na vyoo, si akili. Dzaleka ina wasanii wake, na Tamasha la Tumaini tangu 2014. Wapeni kazi ya kufundisha afya, kwa Kiswahili na Kichewa, na maji safi yafike.