Betri ya tatu kwa mwaka: Mwizi yumo kwenye nyaya

Matenga ya nyanya za Ngarenanyuki yalikuwa yamepakiwa tangu jioni, cheti cha uasili wa bidhaa kimegongwa mhuri, na safari hii hakukuwa na ofisa wa kulaumiwa upande wowote wa mpaka wa Namanga. Saa kumi alfajiri mwenye mzigo alimwambia dereva awashe pikapu. Ililia tik, tik, tik, kisha ikanyamaza.

Vijana wa kusukuma walifika kabla hajawaita. Baada yao akaja mwenye waya za kushtua betri, naye ana bei yake, bei ya alfajiri. Pikapu ilipowaka jua lilikuwa limeshatoka, na ilipoingia soko la Wakulima jijini Nairobi, lile wanaloliita Marikiti, wanunuzi wa jumla walikuwa wameshajaza mikokoteni yao na kuondoka. Nyanya zikauzwa kwa bei ya mchana, yaani bei ya mtu anayeona mali yake ikilainika mbele ya macho yake. Betri ile ilikuwa ya pili kwa mwaka huo. Ya tatu mama huyo aliinunua siku hiyohiyo, kwa pesa za nyanya.

Wafanyabiashara wengi wa mpakani wana kisa cha namna hii, na vingi huishia dukani kwa muuza betri. "Mama, betri za siku hizi feki," fundi husema, mteja huitikia, noti zinahesabiwa. Ni kweli, betri mbovu zipo sokoni. Lakini betri tatu ndani ya mwaka mmoja, kutoka maduka matatu, zikifia kwenye gari lilelile, hiyo si habari ya betri tena. Ni habari ya gari.

Gari likizimwa na kufungwa halilali kabisa. Saa, kumbukumbu ya redio, alamu na kompyuta ya injini huendelea kula umeme kidogo, kwa kawaida miliampea 20 hadi 50. Hicho hakina madhara. Miliampea 50 kwa saa 24 ni ampea-saa 1.2 tu, na betri ya ampea-saa 70 itastahimili hali hiyo kwa wiki kadhaa. Balaa huanza pale kitu kinapobaki macho usiku kucha. Taa ndogo ya buti ya wati 5, ambayo hakuna anayeiona mlango ukishafungwa, inakula karibu ampea 0.4. Hiyo ni ampea-saa 10 kwa siku. Gari likiegeshwa Ijumaa jioni, kufika Jumatatu asubuhi taa hiyo moja imekunywa ampea-saa 25.

Na betri ya gari haikuumbwa kukaukiwa. Imetengenezwa itoe umeme mwingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe upya na altaneta. Kila inapomalizwa mpaka chini, sahani zake za risasi huota ukoko mgumu na uwezo wake hupungua. Ikifanyiwa hivyo mara kadhaa inakufa kweli. Ndiyo maana fundi anayesema "betri imekufa" mara nyingi hasemi uongo. Kosa lake ni kuishia hapo, bila kuuliza kilichoiua, na kuiweka mpya kwenye gari lilelile lenye muuaji yuleyule.

Kwa nini haulizi? Kwa sababu halipwi kwa kuuliza. Huu ndio ukweli ambao pande zote mbili zinaukwepa. Mfanyabiashara wa kawaida yuko tayari kulipia betri, kwa kuwa anaiona na kuishika. Mwambie alipie saa mbili za fundi kuchungulia nyaya na atasema anaibiwa. Fundi naye analisha watoto, basi anauza kinachouzika. Anayependekeza "tutafute kwanza" anaonekana mbabaishaji, na anayefungua boksi la betri mpya anaonekana mtaalamu. Mpango huo unawafaa wenye maduka ya betri kuliko wenye nyanya.

Yule mama wa Ngarenanyuki alipata bahati ya kukutana na fundi wa umeme wa magari jijini Arusha aliyekataa kumuuzia chochote siku ya kwanza. Alianza kwa kupima volti. Betri mpya, gari limezimwa na kutulia, ilisoma 12.6, ambayo ni betri iliyojaa. Injini ikiunguruma ilisoma 14.2. Altaneta inayochaji vizuri husoma kati ya 13.8 na 14.4 hivi, kwa hiyo haikuwa na kosa. Hilo lilichukua dakika tano tu, lakini wapo mafundi wanaoliruka na kwenda moja kwa moja kubadilisha altaneta.

Kisha alizima gari, akatoa ufunguo na kuuweka mbali. Kwa kuwa kisanduku cha fyuzi kiko chini ya dashibodi, aliacha mlango wazi lakini akafunga kitasa chake kwa bisibisi ili gari lidhani mlango umefungwa. Akafungua waya wa hasi kwenye betri na kuweka mita yake katikati, mguu mmoja wa mita kwenye waya, mwingine kwenye nguzo ya betri, ili umeme wote unaotoka upitie kwenye mita. Alitumia tundu la ampea 10, maana la miliampea huunguza fyuzi ya ndani ya mita mara moja. Baada ya hapo akaenda kunywa chai.

Chai hiyo ilimkera mteja, lakini ndiyo sehemu ya kazi inayorukwa zaidi. Waya wa betri ukiguswa tu, kompyuta za gari huamka na kula umeme mwingi, na huchukua dakika 20 hadi saa nzima kulala tena, hasa kwenye magari ya miaka ya karibuni. Anayesoma mita papo hapo atamkuta mwizi hata katika gari zima. Vivyo hivyo anayegusisha waya kwenye nguzo na kutazama cheche. Cheche haipimi chochote. Na yule wa kung'oa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, eti anajaribu altaneta, afukuzwe kabla hajaua kompyuta ya gari.

Aliporudi, mita ilisoma ampea 0.58. Kwa siku moja hiyo ni karibu ampea-saa 14, moja ya tano ya betri ya pikapu hiyo. Akaanza kuchomoa fyuzi moja moja, akitazama mita kila mara na kuirudisha kila moja mahali pake. Fyuzi ya taa, hakuna mabadiliko. Ya honi, hakuna. Ya redio ilipotoka, mita ilishuka mpaka 0.13.

Redio! Magari ya Kijapani huja na redio ambayo masafa yake ya FM huanzia 76, na nyingi huishia 90, wakati stesheni za kwetu zimejaa kati ya 88 na 108. Basi jambo la kwanza analofanya mnunuzi ni kufungisha redio nyingine. Redio hizo zina waya wa njano unaopaswa kupata umeme muda wote kwa ajili ya kumbukumbu, na mwekundu unaopaswa kupata umeme ufunguo ukigeuzwa tu. Fundi mwenye haraka huzisokota zote mbili pamoja na kuziunga kwenye umeme wa kudumu. Redio inalia, mteja anafurahi. Lakini hailali tena.

Ilibaki 0.13, bado kubwa mno, na hakuna fyuzi nyingine iliyoigusa. Hapo ndipo wengi wangeridhika na kulipwa. Fundi alirudi kwenye betri na kuukuta waya mwembamba uliofungwa kwa gundi nyeusi moja kwa moja kwenye chanya, usiopita kisanduku cha fyuzi kabisa. Aliufuata mpaka nyuma ya dashibodi, akakuta kifaa cha kufuatilia gari ambacho mwenye gari hakukijua. Kilifungwa enzi za mmiliki wa awali, alipolinunua kwa mkopo. Mkopo uliisha, gari likauzwa, laini ya simu ndani ya kifaa ikafungwa, lakini chenyewe kiliendelea kuhangaika kutafuta mtandao usiku na mchana. Kifaa kinachotafuta mtandao hula umeme kuliko kilichoupata na kutulia. Wenye vifaa hivi wanaovuka mipaka wajiulize kama laini zao zinashika mtandao upande wa pili. (Kufuli ya kielektroniki ya forodha kwenye kontena isisingiziwe, hiyo ina betri yake yenyewe.) Kilipokatwa, mita ilisoma 0.03.

Kama isingeshuka hata hapo, wa kushukiwa angefuata kuwa altaneta, ambayo diodi zake zikiharibika hurudisha umeme kinyumenyume gari likiwa limezimwa. Waya wake mnene hufunguliwa na mita kutazamwa tena.

Malori yana ugonjwa wao. Fuso na malori mengi ya mizigo hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo. Dereva anataka redio na chaja ya simu za volti 12, na fundi anampa kwa njia rahisi, anaunga waya kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Betri hiyo inanyonywa peke yake huku altaneta ikizichaji zote kama zinalingana. Moja hudhoofika, nyingine huchajiwa kupita kiasi, na mwishowe zote mbili hutupwa. Kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12 kinauzwa, na ni nafuu kuliko jozi ya betri.

Wapo wanaotatua yote haya kwa kufungua waya wa betri kila usiku, au kufunga swichi kuu. Kwa lori kuukuu si vibaya. Kwa gari lenye alamu na kompyuta, kila usiku kumbukumbu zinafutika, na mwizi wa nje anakuta alamu imezimwa na mwenye gari mwenyewe.

Kilicho wazi ni kwamba wezi hawa wengi hawatoki kiwandani. Wamewekwa baadaye, Mwanza redio, Kampala alamu, Nakuru taa za ukungu, kila fundi bila kujua mwenzake alipita wapi. Gari la biashara ya kuvuka mipaka huguswa na mikono mingi kuliko gari lolote la mjini, na hakuna anayeandika. Daftari la shilingi chache kwenye droo ya dashibodi lingetosha: tarehe, kilichofungwa, waya umechukuliwa wapi, fyuzi ya ampea ngapi. Vyama vya wafanyabiashara vinavyokusanya ada pale mpakani vingeweza pia kununua mita moja nzuri kwa ajili ya wanachama. Wakinunua ile ya kubana waya wahakikishe inapima umeme wa betri, na kiasi kidogo, kwa sababu nyingi za bei poa hupima umeme wa majumbani tu. Na mteja anayelipa aonyeshwe namba mbili, kabla na baada. Fundi asiye na namba ya kuonyesha hajatafuta.

Kazi ile ya Arusha ilichukua asubuhi nzima, na gharama yake haikufika nusu ya bei ya betri. Pikapu bado inatumia betri ya tatu. Zile mbili za kwanza ziliuzwa kama vyuma chakavu, na hakuna aliyezichaji na kuzipima kabla ya kuziuza.