ASAIMENTI YA WATU KUMI, ANAYETAFUTA NI MMOJA: WASOMI GANI HAWA?

Jamani wadau, kuna uhuni unaendelea vyuoni na watu wanauchekea tu. Mhadhiri anatoa asaimenti ya kundi, watu kumi, wiki mbili. Siku hiyo hiyo linafunguliwa grupu la WhatsApp, "tuko pamoja" nyiiingi, kisha kimya. Siku ya kumi na tatu, saa nne usiku, ndiyo mtu anaibuka: "Oya, swali lilikuwa linasemaje?"

Hapo anabebeshwa yule yule wa siku zote, mara nyingi binti mpole mwenye laptopu. Bando lake, usingizi wake. Anapekua desa za mwaka jana, anasoma, anachapa, anakimbilia stesheneri kuprinti. Wenzake wanatuma jina na namba ya usajili tu: "Usinisahau dada, niweke hata wa mwisho."

Siku hizi kuna mabingwa wapya. Swali linatupiwa ChatGPT, jibu linamwagwa kwenye grupu kama lilivyo, hata aliyelileta hajalisoma. Marejeo mengine ni vitabu ambavyo havijawahi kuandikwa! Kwenye presentesheni mhadhiri akiuliza "aya hii ina maana gani?", kundi zima linaangalia dari.

Na wapo wabaya zaidi: wanaobania. Kaka kaelekezwa kitabu cha kusoma na mhadhiri mwenyewe, lakini anawagawia washkaji wa chumbani kwake tu. Asiye na simu janja, asiye na bando kwa sababu bumu limechelewa, anayeishi mbali na hosteli, habari zote zinampita. Kesho yake ndiye wa kwanza kukatwa jina, eti "hakuchangia". Atachangiaje kitu alichofichwa?

Na wa Mlimani asiseme hana pa kutafutia. Maktaba mpya ya UDSM, iliyofunguliwa 2018, inaingiza wasomaji 2,100 kwa mpigo. Ukisoma kurasa tano tu pale, ukaja kuwaeleza wenzako chini ya mti kwa maneno yako, umeshawasaidia kuliko aliyemwaga kurasa hamsini za kunakili.

Kinachosahaulika ni kwamba kozi weki mnabebana, lakini UE kila mtu na karatasi yake. Vyuo vingi kozi weki ni alama 40, mtihani wa mwisho 60. Kwenye hizo 60 hakuna dada wa kuambiwa "niweke wa mwisho". Sup zikimwagika, lawama kwa mhadhiri, eti ana roho mbaya! Na huyo huyo aliyebebwa kesho ni nesi wa zamu ya usiku. Mgonjwa atambeba nani?

Dawa ipo. Siku ya kwanza kila mtu apewe kipengele chake, alete alichokisoma na aseme kakitoa wapi. Asiye na bando aambiwe ana kwa ana. Baada ya hapo, asiyeleta kitu jina lake lisiandikwe, hata kama ni shemeji.

Haya wadau, semeni ukweli: kwenye kundi lenu nani alibeba, na nani alibebwa?