Nani mwenye kauli ya mwisho juu ya kisa cha Fallout?

TAREHE iliyoandikwa kwa chaki kwenye ubao wa darasani ilitosha kuzua mzozo miongoni mwa mashabiki wa mchezo wa kompyuta wa Fallout, mara baada ya tamthilia ya televisheni iliyotokana na mchezo huo kuanza kuonyeshwa Aprili 2024.

Ubao huo ulionyesha kuwa anguko la Shady Sands, mji mkuu wa kwanza wa Jamhuri Mpya ya California, lilitokea mwaka 2277. Lakini mchezo wa Fallout: New Vegas, uliotolewa mwaka 2010, unasimulia matukio ya mwaka 2281, na ndani yake hakuna anayetaja kwamba mji huo umeteketezwa kwa bomu.

Kwa asiyecheza, huo waweza kuonekana ubishi wa kitoto. La hasha. Waliokesha wakiijenga au kuiangusha jamhuri hiyo walihoji iwapo kisa walichokiishi kimefutwa kimyakimya.

Todd Howard, kiongozi wa Bethesda Game Studios, alifafanua kuwa New Vegas bado imo katika simulizi rasmi, na kwamba bomu lilianguka muda mfupi baada ya matukio yake. Ufafanuzi huo ulipoza joto, lakini uliacha swali zito zaidi: ukweli wa kisa unakaa ndani ya kazi yenyewe, au kinywani mwa mmiliki?

Historia inaonyesha kuwa mmiliki ndiye hushinda. Mchezo wa kwanza ulitolewa na kampuni ya Interplay mwaka 1997. Bethesda ilinunua haki zake mwaka 2007 kwa dola za Marekani milioni 5.75, na ilipoandaa Fallout 3, iliyotoka mwaka 2008, iliweka kando visa vya Fallout Tactics wa 2001 na Fallout: Brotherhood of Steel wa 2004. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama.

Ugumu unazidi kwa kuwa New Vegas, uliotengenezwa na kampuni nyingine, Obsidian, una miisho mikuu minne, na mchezaji ndiye huamua nani atawale. Kuupitisha mmoja ni kuwaambia wengine kuwa uamuzi wao haukuhesabiwa.

Hata hivyo, uteuzi wa namna hiyo si mgeni. Katika mchezo wa kwanza, hatima ya Shady Sands ilitegemea matendo ya mchezaji. Fallout 2 wa mwaka 1998 ulichukua hatima njema, na kijiji kikawa mji mkuu.

Msimu wa pili wa tamthilia, ulioanza Desemba 2025, uliingia New Vegas kwenyewe. Waandaaji walisema mapema kuwa hawatauidhinisha mwisho wowote mmoja. Ni njia ya busara, ingawa ina gharama zake: kisa kinachokwepa kusema nani alishinda vita hudhoofisha uzito wa vita hivyo.

Sheria inampa mwenye mali haki ya kuamua kitakachofuata. Haimpi uwezo wa kufuta kumbukumbu za waliocheza. Akitaka waamini simulizi yake, hana budi kuiweka wazi ndani ya kazi yenyewe, badala ya kuitia viraka katika mahojiano baada ya watu kulalamika.